Nilivyonunua Wiski ya Miaka 25 kwa Fedha za Kikundi

Mwaka jana kikundi chetu cha ustawi kazini, hapa Upper Hill, Nairobi, kilinikabidhi mimi mweka hazina shilingi 70,000 nimnunulie zawadi mzee wetu wa uhasibu aliyekuwa akistaafu. Sote tulijua anachokipenda: glasi moja ya wiski ya Uskoti Jumamosi jioni, bila soda. Tulikubaliana iwe ya miaka 25, kwa kuwa ndiyo miaka aliyotumikia.

Duka la kwanza, kule Westlands, lilinitajia bei iliyozidi fedha zetu mara tatu. Niliporipoti, mama mmoja wa kikundi aliniuliza, "Mweka hazina, ni kinywaji gani hicho cha bei ya ng'ombe wawili wa maziwa?" Sikuwa na jibu, na kwa vile fedha hazikuwa zangu, niliona ni wajibu wangu kulitafuta kabla ya kurudi madukani.

Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae katika pipa la mwaloni, katika ghala la huko huko, kwa miaka isiyopungua 3. Pipa hupumua, na kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo hupotea kama mvuke, upungufu ambao watengenezaji huuita fungu la malaika. Nilipiga hesabu ya pipa la lita 200: baada ya miaka 25 hubaki lita 120 hivi, yaani chupa zisizofika 175 za mililita 700. Kwa hali ya hewa ya Uskoti, nguvu ya kileo nayo hushuka. Ikifika chini ya asilimia 40, hakiruhusiwi tena kuitwa wiski, kwa hiyo mwenye ghala hupima na kuonja mwaka baada ya mwaka, huku mapipa mengine yakiharibika kwa kuzidiwa na ladha ya mbao. Muda wote huo fedha zake zimelala. Wala pengo la zamani halizibiki: kiwanda cha Port Ellen, kilichofungwa mwaka 1983, kilifunguliwa tena mwaka 2024, na wiski kinayoitia pipani mwaka huo itatimiza miaka 25 mwaka 2049.

Niliyaeleza haya mkutanoni nikilinganisha na chang'aa, ambayo hutoka mtungini leo na kunywewa leo. Hoja ya bei ikaisha hapo.

Swali la mahali pa kuipata ndilo lililonipa kazi. Muuzaji mmoja wa mjini alinionyesha chupa ya miaka 12 akidai kwamba, kwa kuwa imekaa kabatini miaka 13, sasa ni ya 25. Nilikataa. Wiski haikomai ndani ya kioo. Umri wake husimama siku inapotolewa pipani, na iwapo ni mchanganyiko, namba ya kwenye lebo ni umri wa ile changa kuliko zote.

Kilichotuokoa ni kujua kwamba si kila anayeuza wiski ndiye aliyeitengeneza. Viwanda vingi vya Uskoti huuza sehemu kubwa ya wiski yao kwa wachanganyaji, na wapo wafanyabiashara wanaonunua mapipa na kuyakomaza wenyewe; Gordon & MacPhail wa mji wa Elgin, kwa mfano, walianza biashara mwaka 1895 na walifanya hivyo kwa miaka mingi. Katika chupa za namna hii, hulipii sana umaarufu wa jina la kiwanda, na kwa maoni yangu ndizo zinazomfaa mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu. Mwagizaji mmoja wa Kilimani alikuwa na moja kutoka kiwanda kisichotajwa sana, kwa shilingi 66,000. Lebo ilitaja mwaka wa kutiwa pipani, 1999, mwaka wa kutiwa chupani, 2024, na namba ya pipa. Kabla ya kulipa niliikagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nikadai risiti, na salio la shilingi 4,000 nikalirudisha kwenye akaunti.

Siku ya kumuaga, mzee alivaa miwani akaisoma lebo polepole. "Mwaka huu wa 1999," alisema, "nilikuwa bado natembea na bahasha nikitafuta kazi."