Mtanga ndani ya friji

Naanza kwa kukiri, mimi ndo yule mtu aliyejaribu kuotesha edelweiss, ua la milima ya baridi huko Ulaya, hapa Kisauni, Mombasa. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Dada yangu ameolewa Norway, mji unaitwa Tromsø, uko juu kabisa huko ambako kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Nilienda kumtembelea mwaka juzi mwezi wa tano, nna kofia yangu na furaha yangu, nkafika nkakuta theluji bado imelala nyuma ya nyumba na pale ilipoyeyuka pana rundo la mawe, nkamuuliza dada mbona hamjazoa kifusi, akaniangalia jicho moja tu nkanyamaza. Kifusi ndo bustani yenyewe. Nlipoinama ndo nkaona vijimea vimejikunyata katikati ya mawe kama mito ya watoto, kimoja kimejaa maua ya zambarau mpaka majani huyaoni, ni saksifraga, na hiyo aina yao humea mpaka Svalbard huko karibu na ncha ya dunia. Theluji ikitoka tu nayo yafungua maua, manake msimu wenyewe ni mfupi, ukichelewa ndo basi.

Sasa mimi ninavojua bustani ni maji na samadi. Siku ya pili dada yuko kazini nkatafuta mbolea kwa stoo nkaitia, nkamwaga maji ndoo nzimanzima, nkakaa nkisubiri shukrani. Wallahi sijafokewa vile tangu nivunje birika la bibi.

Lakini hapo ndo nlipojifunza. Mimi nlidhani shida ya mimea kule ni baridi. Wala! Baridi wameizoea, na theluji yenyewe ndo blanketi lao, chini yake hakuna baridi kali kama ya juu. Kinachowaua ni maji yakituama shingoni, pale shina linapoingia udongoni, hasa wale wenye majani ya manyoya kama edelweiss, wakilowa wakakaa hivo wiki mbili wanaoza. Uingereza, ambako baridi huja na mvua kuliko theluji, wenye bustani kama hizi huwatilia kioo juu kama paa. Na mbolea ndo usiseme, wanalainika wanavimba, wanakuwa kama mtoto aliyelelewa na chipsi.

Kwa hivo kitanda chake hujengwa na vitu ambavo fundi angevitupa: mawe chini, kokoto, mchanga wa chenga, udongo kidogo wa kuonja tu. Yale mawe makubwa ya juu hayapangwi kama sahani kabatini, yanazikwa theluthi nzima au zaidi, tena yakiinama kwa nyuma ili mvua iteremke kwenye mizizi isidondoke mbele. Halafu kokoto tena kuzunguka shingo ya kila mmea. Mmea wenyewe kimo cha kidole, mzizi sasa, wacha tu, unaingia kwenye nyufa kutafuta ubaridi na maji hukooo chini.

Wana bustani ya mimea pia pale mjini, ilifunguliwa 1994, ndo ya kaskazini zaidi duniani, na ina maua ya bluu kutoka Himalaya, Meconopsis, bluu ambayo sijaiona hata kwa kanga.

Basi nkarudi Mombasa na pakiti mbili za mbegu. Mbegu nyingi za mlimani haziamki mpaka zidanganywe kwamba zimepitia kipupwe, yani unazichanganya na mchanga wenye unyevu unazitia kwenye friji kama wiki sita. Nkazitia kwa kopo la aiskrimu nkalificha nyuma ya achari. Mamangu akalifungua akitafuta ubuyu. "Nini hini? Mtanga ndani ya friji? Mwanangu, umerogwa?" Shangazi akapigiwa simu, mpaka leo kila harusi hadithi ndo hiyo.

Zikaota saba. Nkaziweka dirishani na feni, nikazisemesha. Zikarefuka nyembamba kama njiti, na kaskazi ilipokolea zikaondoka moja moja, ya mwisho mwezi wa tatu.

Nimefikiria sana hili, na naona jua la mchana halina kosa peke yake. Shida kubwa ni usiku wetu. Pale Mlima Kenya juu mchana jua linachoma, lakini usiku unaganda, yale malobelia makubwa hukunja majani kulinda kichomozo, asubuhi yanafunguka. Mmea wa mlimani usiku ndo unapumzika. Hapa kwetu saa nane ya usiku joto liko pale pale na unyevu juu, hata binadamu mwenyewe hajapumzika, sembuse edelweiss.

Kwa hivo sa hii nna kitanda kile kile, ujenzi ule ule wa dada, ila kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki jirani alipojenga (msiende kung'oa ufuoni tafadhali), na ndani nimetia shubiri na adeniamu, lile waridi la jangwani linalomea lenyewe kwenye miamba yetu ya pwani. Nalo halitaki maji shingoni! Kwamba mwamba mtupu wa matumbawe unaweza kuota kitu hilo halina ubishi, nendeni Haller Park hapa Bamburi, Mombasa, muone, ilikuwa kwari tupu, mwaka 1971 ikaanza kupandwa mivinje, jongoo wakala majani yake wakatengeneza udongo, leo ni msitu.

Pakiti ya pili bado nnayo. Juzi nlifungua friji nkakuta mama amebandika karatasi juu ya kopo: MTANGA WA MTU, USIGUSE.