Mbegu za mapera ziliniumbua

Tuanze na bawasiri, maana kila niliyemwambia naona damu chooni alinijibu hiyohiyo. Jirani akaniletea unga wa mlonge, shemeji akaapa kwa mizizi ya Handeni, na muuza duka la dawa akanipa mafuta ya kupaka bila hata kuniuliza umri. Nimepaka miezi minane. Ningekuwa napaka mpaka leo kama kaka asingefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 44.

Uvimbe wake ulipopimwa, protini iitwayo MSH2 haikuonekana. Damu ikasafirishwa nje, majibu yakarudi: sindromu ya Lynch, hitilafu ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo. Daktari alitueleza hivi: seli ikigawanyika hunakili vinasaba vyake, na kama mchapaji yeyote hukosea, hasa pale herufi zinapojirudiarudia. Nyuma yake hupita wasahihishaji. Kwa kaka, msahihishaji mmoja, ndiyo hiyo MSH2, alizaliwa mbovu, makosa yakarundikana. Kinyama kinachoota ndani ya utumbo, ambacho kwa wengine huchukua kama miaka 10 kugeuka saratani, kwa watu hawa huweza kugeuka ndani ya miaka miwili mitatu. Sisi wa tumbo moja kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kipimo cha damu kilinishinda bei, basi nikaambiwa nijihesabu ninayo, niende kwenye kamera, ile inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa kuchungulia utumbo mpana.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Karatasi ya masharti niliisoma juujuu. Dawa ya kusafisha tumbo ilikuwa lita nne, ina chumvichumvi na utelezi kama bamia iliyolala. Nikanywa mbili, mbili nikamwagia mchicha uani. Nilishakimbia chooni mara tisa, nikajiona msafi kama bakuli la msikitini. Kesho yake nazinduka usingizini, daktari amesimama.

"Baba, jana ulikula nini?"

"Uji tu, daktari."

"Uji wa mapera?"

Akanionyesha picha. Mbegu zimejipanga ukutani kama kunguni. Hakuona kitu kingine. Laki tano na ushee, bado bajaji, zikaenda na maji.

Mara ya pili nilijipanga kijeshi. Siku tatu wali mweupe, mayai na samaki. Dona na kisamvu marufuku. Siku ya mwisho dafu, chai ya rangi na supu niliyoichuja kwa kitambaa. Juisi ya rozela usiguse, wekundu wake utadhaniwa damu. Dawa niliilaza kwenye friji, nikainywa kwa mrija uliopitiliza katikati ya ulimi, kila glasi nafuatisha kulamba ndimu. Lita mbili jioni, mbili alfajiri kwa saa waliyonipangia. Na chaja ya simu iwe na waya mrefu unaofika chooni.

Kamera yenyewe sina la kusimulia, nililala. Walikuta vinyama viwili upande wa kulia, wakavikata papo hapo. Maabara wakasema havijageuka. Nitarudi kila mwaka.

Na ile damu? Ilikuwa bawasiri kweli. Jirani wa mlonge aliposikia alipiga makofi: "Si nilikwambia?" Sijampatia jibu mpaka sasa. Mdogo wetu wa mwisho, miaka 26, anasema ataenda baada ya Pasaka. Mirija nimeshamnunulia.