Fimbo yangu ya kupimia mtama wa malisho

Kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ng'ombe hatoki bandani. Kila anachokula hukatwa kikaletwa, na tunaokata na kubeba ni sisi akina mama. Kiangazi kikikolea nilikuwa nanunua mabua ya mahindi yanayopandishwa na kirikuu, gari dogo la mizigo, kutoka tambarare. Ng'ombe wangu aliyatafuna kwa sababu hana lingine, na maziwa yakashuka hadi lita 4 kwa siku.

Ndipo nikaanza mtama chotara wa malisho, ule uliopatikana kwa kuchanganya mtama na nyasi za Sudan. Mara ya kwanza niliupanda kihambani, yaani shamba la kuzunguka nyumba, katikati ya migomba. Ulidumaa, ukawa wa njano. Mmea huu unataka jua na udongo wenye joto, na huku juu mwezi wa saba watu tunaota moto. Msimu uliofuata nikaushusha kwenye shamba letu la chini, upande wa Mabogini: nusu eka, kilo 5 za mbegu, mistari iliyoachana sentimita 30, mbegu zikifukiwa sentimita 3 hivi. Masika yakaupokea. Palizi ilikuwa moja tu, baada ya hapo mtama wenyewe ukayafunika magugu. Viwavijeshi walikuja, tukawaokota kwa mkono asubuhi na mapema.

Siku ya hamsini na kitu ulinifika kifuani. Nilikata nikiacha shina la shubiri moja, kwa sababu ukikata hadi chini unaua machipukizi. Maziwa yakapanda hadi lita 7, na mimi nikaamini shida ya majani imeisha nyumbani kwangu.

Baada ya mkato huo mvua ikakatika. Mashina yakasimama makavu wiki kadhaa. Kisha yakaja manyunyu ya siku mbili, na shamba likachipua kijani kibichi kinachovutia, urefu wa goti. Nikajisemea, majani laini hivi ndiyo matamu. Nikakata mzigo, nikapandisha nyumbani, nikampa kwanza mtamba wangu, jike ambaye hajazaa bado, kwa kuwa alikuwa na njaa tangu asubuhi.

Hata ndoo ya maji sijaijaza, nikasikia anahema kama aliyekimbizwa. Povu mdomoni, miguu inatetemeka. Nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa mwekundu sana, mwekundu wa damu mbichi. Akaanguka. Daktari wa mifugo alifika na pikipiki akakuta ameshakufa, akamwahi ng'ombe mkubwa aliyekuwa amekula kidogo, akamchoma sindano ya mshipa. Yule alipona.

Alipomaliza alishika jani moja akaniuliza, "Mama, haya yalikuwa na urefu gani?" Nikamwonyesha goti. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanieleza taratibu. Mtama mchanga hutengeneza sumu ya sianidi ukitafunwa, na machipukizi yanayotoka baada ya ukame ndiyo yenye sumu kali zaidi. Sumu hiyo huzuia mwili kutumia hewa iliyo kwenye damu, ndiyo maana damu hubaki nyekundu hivyo huku mnyama anakufa kwa kukosa pumzi. Mmea ukirefuka sumu hupungua. Tena ng'ombe mwenye njaa hula haraka na kwa wingi, hivyo hudhurika kuliko aliyeshiba.

Nililia mtamba wangu. Nilikuwa nimemlea kwa chupa tangu mama yake alipofariki.

Sikuuacha mtama, kwa sababu kosa halikuwa la mmea. Sasa ng'ombe hula mabua kidogo kwanza, ndipo apewe mtama. Ukipitia ukame siukati hadi uwe umerudi kukua vizuri. Unaobaki naukatakata, naushindilia kwenye mifuko ya plastiki bila kuacha hewa, naifunga na kuihifadhi kama saileji. Siifungui kabla ya wiki sita, na kwa muda huo sumu ile huwa imepungua sana. Mavi ya ng'ombe naweka kiasi, maana mbolea ikizidi nayo huongeza sumu.

Na nina fimbo ya mti wa kahawa, nimeichonga alama mbili. Ya chini ni sentimita 20, pa kuacha shina. Ya juu ni mita 1, na mtama usiofika hapo haukatwi na mtu yeyote, hata kama banda ni tupu. Wiki iliyopita nilimtuma mjukuu shambani na fimbo hiyo. Akanipigia simu: "Bibi, bado vidole vinne."

Nikamwambia arudi nyumbani, tutanunua mabua.