Siku moja uani kwangu: kamshafti ya bodaboda

Saa 12 asubuhi nimeshafagia chini ya mwembe na kutandika gunia. Gereji yangu ndiyo hii, uani nyumbani, Kihonda, Morogoro. Pancha, kukaza cheni, kubadili kebo ya klachi: mpaka saa 3 hizo zimekwisha, na hela yake imeshaenda gengeni.

Saa 3 na nusu akaingia dogo mmoja anayeshusha ndizi kutoka milima ya Uluguru. Pikipiki ya Kichina, CC 125, mlima haipandi tena na injini inagonga kama cherehani bovu. Mkononi ana kamshafti mpya, chuma chenye nundu kinachofungua valvu za injini. "Fundi, nifungie hii, nusu saa niondoke."

Nikaigeuza. Ni ya injini ya cheni, ile inayokaa juu kwenye silinda hedi. Yake iko chini, tumboni mwa injini, inasukuma valvu kwa fito mbili, mtindo wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Kumweleza hilo kulichukua muda mrefu kuliko kushusha injini yenyewe. Akampigia fundi mwingine, akaweka simu spika ya nje, na yule bwana akaanza kunifundisha kazi kutoka Msamvu, pikipiki hajaiona. Nikamwitikia, "Sawa kaka, sawa." Saa 5 ndipo dogo akakubali kurudi dukani kubadilisha.

Alivyoondoka nikafungua. Oili iliyotoka haijai kikombe, nyeusi tititi. Kila ikigonga mafundi walikuwa wanamkazia tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, na tapeti hazina kosa. Nundu ya kamshafti imelika, na kwenye injini hii nundu ni moja, valvu zote mbili zinaitegemea. Zikifunguka nusu, hewa haiingii ya kutosha na moshi hautoki wote. Nguvu itoke wapi?

Kisha wembe. Mpita njia ananiona nimeinama nakwangua gasketi kuukuu, karatasi ya kuziba maungio ya injini, anadhani naua muda. Kikibaki kipande kidogo tu oili itavuja, na kijiweni litatajwa jina langu, si la muuza gasketi.

Jua likahama, gunia nikalivuta mara mbili, chakula cha mchana kikapoa kwenye hotipoti. Dogo karudi, kakaa juu ya ndoo: "Fundi, bado tu?" Mara anataka gasketi ileile irudi ili aokoe hela. Nikaacha kujibu. Hapa nalinganisha alama ya gia ya kamshafti na ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikipishana jino moja, tunaanza upya. Midomo ya ringi za pistoni, pale zilipoachana, nikaitawanya isielekeane. Tapeti nikaseti 0.08 mm, injini ikiwa baridi. Mgongo ulikuwa unawaka.

Kiki ya pili ikaitika, imetulia, haigongi. Dogo akacheka peke yake.

Nikamwambia siku za mwanzo asipakie mzigo, asiivute sana, na oili aimwage mapema. "Sawa fundi, elfu 10 iliyobaki kesho." Hata lami hajaifikia, nikamwona amesimama, anapakia mshikaki, abiria zaidi ya mmoja.