Ndani ya Ukuta wa Mfalme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na neno moja tu, lile aliloambiwa mhalifu pale msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43).

Hapo penye "peponi", kwa Kiyunani Luka ameandika paradeisos. Wayunani hawakulizaa neno hilo. Walilipokea kutoka Uajemi. Katika lugha ya kale ya huko yalikuwa maneno mawili yaliyoungana: pairi, yaani kuzunguka, na daeza, yaani ukuta, na asili yake ni udongo unaofinyangwa kwa mikono. Mahali palipozungushiwa ukuta. Mimi tangu utotoni nilikuwa nikiwaza mawingu.

Ndani ya kuta hizo wafalme walipanda miti, wakatia maji, wakafuga na wanyama. Xenophon, mwandishi Myunani, anasimulia jinsi Koreshi, mwana wa mfalme (si yule wa kitabu cha Ezra, huyu alikuja miaka zaidi ya 100 baadaye), alivyomtembeza Lysander wa Sparta katika bustani yake huko Sardi. Naam, Sardi hiyo hiyo ya Ufunuo sura ya 3. Miti imesimama mistari iliyonyooka, harufu nzuri inawafuata kila wanakopita. Mgeni akamsifu aliyeipanga. Koreshi akamjibu kwamba aliyeipima na kuipanga ni yeye mwenyewe, na miti mingine aliipanda kwa mkono wake. Lysander akamtazama mavazi yake, manukato, mikufu na bangili za dhahabu, akashangaa kabisa.

Basi Wayahudi walipoitafsiri Torati kwa Kiyunani, karne ya 3 K.K., wakafika Mwanzo 2:8, neno walilolichagua ni hilo. "BWANA Mungu akapanda bustani." Akapanda! Mfalme aliyeshika udongo.

Na tazameni lugha yetu ilivyobarikiwa. Neno bustani nalo limetoka Uajemi, bo ni harufu na stan ni mahali. Katika Ufunuo 2:7, Kiyunani kina paradeisos ile ile, nasi tunasoma "bustani ya Mungu", penye mti wa uzima. Peponi nako, ukilitamka taratibu unausikia upepo. Mwanzo 3:8 inasema Mungu alikuwa akitembea bustanini wakati wa jua kupunga, na Kiebrania pale kinataja upepo wa mchana. Nikisoma mstari huo moyo wangu hutulia.

Lakini kilichonishika zaidi ni ule ukuta. Bustani ya mfalme huingii kwa kuwa umepita njia hiyo. Unaingizwa na mwenyewe. Adamu alipotolewa, makerubi waliwekwa na upanga wa moto kuilinda njia ya mti wa uzima (Mwanzo 3:24), na tangu hapo hatusomi kwamba kuna mtu aliyerudi kwa miguu yake.

Sasa msikilizeni huyu mhalifu. Hakuomba bustani. Aliomba kukumbukwa tu: "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Pengine aliwaza siku ya mbali sana. Akajibiwa "leo hivi". Akajibiwa "pamoja nami", na hilo kwangu ni kubwa kuliko miti yote ya Sardi, kwa sababu wapo waliofika kwenye bustani za wafalme wakaishia kwa mlinzi.

Alikuwa hana sadaka ya kuleta, wala muda wa kubatizwa, wala siku moja iliyobaki ya kurekebisha aliyoyaharibu. Hata kubisha mlango asingeweza. Mikono yake ilikuwa msalabani, na ya Mfalme aliyekuwa akimfungulia ilikuwa imepigiliwa misumari kando yake.