Nilivyopata usinia wa maabara ya viinitete, kwa msaada wa maharage ya mama

Mtaani kwetu Uyole, Mbeya, wanajua nafanya kazi ya mayai. Mama ndiye aliyetangaza hivyo, tena kwa majivuno, na matokeo yake nimeshaulizwa bei ya trei mara mbili, mara ya pili na mchungaji. Nilipompigia kumwambia kwamba sasa mimi ni sinia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wamekupa sinia? La pilau?" Nikamwambia, hapana mama, ni ukubwa kazini. Akasema basi wangenipa na sinia pia.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari akishavuna mayai ya mama anayetafuta mtoto, mimi ndiye ninayeyapokea. Nayakutanisha na mbegu za baba, au nadunga mbegu moja ndani ya kila yai chini ya hadubini, kesho yake nahesabu yaliyorutubishwa, na viinitete, yaani mayai hayo yakianza kukua, nakaa navyo kwenye inkubeta, kabati la joto la kuvilelea, hadi siku ya tatu au ya tano daktari avirudishe kwenye mji wa mimba. Mtoto akizaliwa, keki anapelekewa daktari. Mimi nimezoea.

Nilipoanza Dar mwaka 2015 kila mtu alikuwa mshauri wangu. Kulikuwa na kaka mmoja, vyeti vyake vya semina za wikendi vimeninginia ukutani kama kalenda za benki, ambaye aliniambia, "Dada, kwenye fani hii mkono ndio cheti." Mwingine akasema leseni ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya inatosha. Leseni hiyo ninayo na naiheshimu, bila hiyo hushiki hata pipeti. Ila yangu inasema mimi ni mtaalamu wa maabara. Haisemi kama naweza kulidunga yai sindano nyembamba kuliko unywele bila kulipasua. Wenzetu Uingereza wana ngazi yao iliyonyooka, unasajiliwa HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya, kama mwanasayansi wa kliniki, jina ambalo sheria inalilinda, halafu anayetaka ukubwa anapambana na FRCPath, mitihani ya chuo chao cha kifalme cha wanapatholojia. Mimi sikuwa na Uingereza, nilikuwa na chumba Sinza. Nikaangukia ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya uzazi na embriolojia, ambayo inatoa vyeti vya watu wa fani yetu tangu 2008, kwa ngazi mbili. Ya kwanza inataka shahada na miaka mitatu ya kushika kazi kwa mikono yako. Ya sinia inataka uzamili na miaka sita.

Ngazi ya kwanza ina logibuku, yaani unaorodhesha kazi ulizofanya mwenyewe na msimamizi anatia saini. Hapo ndipo kaunta buku langu lilipoonekana lina akili kuliko watu. Kila jioni kabla ya kupanda daladala niliandika tarehe, kazi, idadi ya mayai, yaliyorutubishwa, yaliyokufa mikononi mwangu. Jina la mgonjwa siandiki, naandika namba tu. Wenzangu walinicheka, wakaniita karani. Wakati wa kuomba ulipofika, wawili kati yao walinijia wakitaka "kuangalia nilivyopanga".

Tatizo langu likawa saini. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Kihindi asiyecheka, alikuwa ameshamaliza mkataba na kuondoka kabla hajatia saini kurasa za mwisho. Yule kaka wa kalenda akasema, "Saini mwenyewe, nani atahesabu?" Bahati yangu nikasikia mzee anarudi kutalii, anakwenda Ruaha kuona tembo, atapita Iringa. Mimi nilikuwa likizo kwa mama. Nikadamka saa tisa usiku, nikapanda basi Mbeya, kaunta buku kifuani ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Igawa, Makambako, Mafinga, baridi inapenya hadi kwenye meno. Nikateremka Ipogolo, stendi ya Iringa, nikiwa nimeganda, na yeye akafika saa mbili na nusu baadaye na gari la watalii, amevaa kofia pana ya majani.

Nilidhani atatia saini dirishani. Wapi! Aliteremka, akalitandaza kaunta buku kwenye boneti, akaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa. Dereva anapiga honi. Mke wa mzee anakula ndizi. Wauza karanga wametuzunguka wakidhani ni ajali na tunaandika maelezo. Akafika kwenye kurasa mbili ambazo sikuweka tarehe, akazipiga mstari wa wino mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Nikamwomba, nikamkumbusha kazi zile tulizifanya pamoja, yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu. Akajibu, "Nakumbuka. Lakini karatasi haikumbuki." Nikapoteza kazi kumi na moja pale pale juu ya boneti. Zilizobaki zilitosha, kwa kuponea chupuchupu. Mtihani niliufanyia Barcelona, 2018, mkutano wao wa mwaka ulipokuwa huko. Ada ni mia kadhaa za euro. Kilichoniua ni tiketi, na mkopo wake wa kikoba nimeulipa mpaka nikasahau nilikopa kwa ajili gani. Nilifaulu.

Uzamili nilisomea India. Ukirudi nao unaupeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wautambue, jambo la fomu na subira tu.

Sinia sasa. Mara ya kwanza nilishindwa. Naandika hivi kwa sababu watu huficha. Nilikwenda nimejaa kiburi cha mikono, kwa kuwa nilikuwa nimejipima kwa makubaliano ya wataalamu wa fani yetu, ya Vienna ya 2017, yale yanayosema kwenye kudunga mbegu urutubishaji wa kawaida usishuke chini ya asilimia 65, na maabara bora ifike 80. Mimi nilikuwa naigusa 80. Basi nikaona nimemaliza. Karatasi ikaja na takwimu, jenetiki, usimamizi wa ubora, maswali ya "kwa nini" yaliyopangwa kama mtego wa panya. Nilitoka nikiwa sijui hata nimekosa wapi. Nikarudi nyumbani kimya, mama akasema nimekonda.

Katikati ya huzuni hiyo kliniki moja ndogo Mbeya ikaniita niwafungulie maabara. Nikaleta kila kitu kama nilivyozoea Dar: inkubeta za mezani, mitungi ya gesi iliyochanganywa tayari, hewa ukaa asilimia 6, oksijeni 5, iliyobaki naitrojeni. Kabla ya kupokea mgonjwa lazima upime pH (kipimo ambacho hupanda uchachu ukipungua) ya midia, yaani maji ya kulelea viinitete, iliyolala usiku mzima ndani ya inkubeta. Nilitegemea 7.3. Nikapata 7.39.

Tofauti hiyo mtu wa nje ataiona ndogo. Kiinitete hakioni hivyo. Nikasafisha mita, nikaikalibreti kwa bafa mpya, maji ambayo pH yake inajulikana. 7.39. Nikabadilisha midia, chupa ambayo bei yake sitaki kuikumbuka, nikasubiri usiku mwingine. 7.38. Nikabadilisha mtungi. Nikambadilisha hata fundi. Nikampigia yule kaka wa Dar, kosa langu, akasema, "Tupa hiyo mita, ni ya Kichina." Haikuwa ya Kichina. Wiki nzima naamka na namba hiyo. Mwenye kliniki akaanza kunitazama kama mtu aliyenunua gari bovu.

Jumapili nikaenda Uyole. Mama alikuwa amebandika maharage tangu asubuhi na analalamika, kama kawaida yake tangu aliporudi kutoka kuniuguza Dar. "Kwako kule maharage yanaiva mara moja. Ya huku nakesha nayo, na yametoka huku huku!" Nikaanza kumweleza kitaalamu, nikijidai: mama, Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, hayafiki mia...

Nikakatiza sentensi. Nikaacha sahani. Mama akadhani nimeumwa na tumbo.

Gesi yangu ni asilimia 6, lakini asilimia 6 ya nini? Pwani hewa inagandamiza milimita 760 za zebaki, sita kwa mia yake ni karibu 46. Mbeya kanieneo ni kama asilimia 82 ya hiyo, kwa hiyo hewa ukaa yangu ilikuwa inasukuma 37 tu na ushee. Hewa ukaa ndiyo inayoipa midia uchachu wake. Ikipungua, pH inapanda. Piga hesabu ya logi, upandaji unatoka karibu 0.09. Mita ya watu ilikuwa inasema kweli wiki nzima, na mimi naitukana.

Nikagawa 6 kwa 0.82 kwa kalamu ya mwanangu, nyuma ya risiti ya mkaa: asilimia 7.3 ya hewa ukaa. Kumpata muuzaji wa gesi atakayechanganya 7.3 ni hadithi ya peke yake. "Dada, mchanganyiko ni mmoja nchi nzima," aliniambia, kama anayezungumzia bei ya Luku. Alilainika nilipokubali kulipa nauli ya fuso. Mitungi ilipofika, midia ikalala, asubuhi nikapima pH: 7.31. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Kuanzia hapo nilisoma kwa namna nyingine. Kila nilichokuwa nakifanya kwa mazoea nilikiandikia "kwa nini" kwenye kaunta buku jipya, saa kumi alfajiri, nimejifunga kitenge juu ya sweta kwa sababu Juni ya Mbeya haina adabu. Kwa nini urutubishaji unaangaliwa baada ya saa 16 hadi 18 na si 24? Kwa sababu ukichelewa viini viwili vinakuwa vimeshatoweka na huwezi tena kujua yai lipi lilirutubishwa kawaida. Takwimu nilifundishwa na mpwa wangu wa kidato cha sita, kwa malipo ya chipsi.

Mtihani wa pili haukuuliza swali hata moja la mwinuko. Niliudhika sana. Nilifaulu hata hivyo.

Mshahara umepanda, si sana. Wa kwanza nilimnunulia mama sufuria ya presha, ile inayopiga filimbi, nikamweleza kwamba humo ndani ni kama Dar, tena kuzidi. Alisikiliza, akashukuru, akaiweka juu ya kabati pamoja na vyombo vya wageni kwa sababu anaogopa italipuka. Jumamosi nilimkuta ameinamia jiko la mkaa, ametia magadi kwenye maharage, ananiambia nisubiri kidogo tu.