Kilo Sita

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa fundi mizani. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo, eti mizani ni chuma tu, kitaharibika nini. Kinaharibika. Springi inachoka, mshale unapinda, kioo kinapasuka siku kamba ya furushi inapokatika, na ndoano ya chini inalika kidogo kidogo hadi siku moja inafunguka na mzigo unatua kwenye mguu wa mtu. Kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wangu pale Shinyanga mjini, kwenye kibanda cha mabati, baada ya kumaliza kidato cha nne, na sikuwa na mpango wa kuiacha.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wanunuzi wa pamba. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, kijiji kilichozoea mizani moja ya chama cha msingi cha ushirika kikajikuta na mizani tatu nne za wanunuzi mbalimbali, na kila msimu ulipokaribia zilipangwa mbele ya kibanda chetu zikisubiri zamu. Mjomba alijenga nyumba kwa mizani hizo. Lakini walikuwepo pia wanunuzi waliokuja jioni, majirani wakishafunga, wakitaka "marekebisho kidogo". Mjomba alikuwa na jibu moja tu: "Nenda kwa fundi mwingine." Walikwenda. Fundi huyo mwingine alinunua pikipiki wakati sisi bado tunapiga baiskeli.

Kilichotumaliza lakini si yeye. Zilianza kuingia mizani mpya za bei nafuu, na mtu akipiga hesabu anaona bora anunue nyingine kuliko kulipia springi. Kuna wiki tulikuwa tunakaa kibandani tunacheza bao.

Wakati huo huo Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto wakamiminika, wengine wana miaka kumi na zaidi ndiyo kwanza wanaanza darasa la kwanza. Madarasa yakajengwa kwa haraka, walimu wakawa hawatoshi. Mafunzo ya ualimu wa Daraja la III A yakapangwa upya: mwaka mmoja unakaa chuoni, wa pili unakwenda shuleni kufundisha huku unakaguliwa. Habari hizi aliniletea mke wangu. Akasema cheti changu cha kidato cha nne kinaliwa na mende kwenye sanduku, afadhali nikitoe kikafanye kazi.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu nilipomwambia. Kisha akauliza, "Na huko utakula chaki?"

Chuoni siku ya kwanza tuliulizwa mmoja mmoja kwa nini tumechagua ualimu. Wenzangu karibu wote walisema ni wito. Vijana wa miaka kumi na tisa, wametoka kukosa kidato cha tano, wote wameitwa. Mimi nilisema natafuta mshahara usiosubiri mvua inyeshe. Mkufunzi aliyeuliza, mama mmoja mwenye miwani, aliandika kitu kwenye daftari lake na kumgeukia aliyefuata.

Mwaka 2004 nikapangiwa shule ya kijijini, wilaya ya Maswa. Darasa la tatu nililopewa lilikuwa na watoto 86, madawati 19. Walikuwa ndio wale wa mwanzo wa MMEM, kwa hiyo mbele kabisa walikaa wadogo wa miaka tisa ambao miguu haigusi sakafu, na nyuma kabisa walikaa mabinti na wavulana wa miaka kumi na nne ambao magoti yao yaligonga dawati. Mchana waliandika silabi, jioni walipalilia na kuvuna pamba. Kuhusu pamba walijua mambo mengi kuliko mimi.

Ilikuwa katikati ya msimu wa kuuza pamba muhtasari ulipotufikisha kwenye vipimo vya uzito. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana kwa vitu vya mazingira yetu: kijiti, kamba, vifuniko viwili vya kopo, unapata mizani. Nikaona aibu. Fundi mizani aende darasani na vifuniko vya kopo? Nyumbani nilikuwa na mizani ya mjomba ya kuning'iniza, yenye uso wa saa, inayopima hadi kilo 100. Niliibeba kwenye baiskeli, nikaifunga kwa mnyororo kwenye kenchi la darasa. Darasa lilikuwa jipya, bado halina dari. Mwalimu mkuu alikuja kulitazama kenchi mara mbili na kuondoka bila kusema neno.

Asubuhi hiyo hiyo pikipiki ikaingia uwanjani, na aliyeshuka alikuwa yule mama wa miwani.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Una kipindi?"

Nilikuwa nacho. Akapewa kiti nyuma, akalikagua andalio langu la somo, akalirudisha. Utangulizi dakika tano, maarifa mapya, kuimarisha, hitimisho, vyote vimo. Nikaanza. Tukataja vitu vinavyouzwa kwa kilo. Nikauliza gramu ngapi zinafanya kilogramu moja, wakajibu kwa pamoja hadi bati likaitika. Nikamwita mtoto mmoja mdogo wa mbele, nikamkalisha kwenye gunia lililofungwa kitanzi, nikamtundika kwenye ndoano. Kilo 28. Darasa zima lilisimama kumwona mwenzao anazunguka hewani taratibu, kashikilia gunia kwa mikono miwili, anacheka.

"Mwalimu, nauliza." Alikuwa binti wa dawati la nyuma, mmoja wa wale wakubwa. "Hii si ndiyo ile ya kununulia pamba?"

"Ni ya aina hiyo."

"Basi inadanganya. Furushi la baba lilipimwa dukani, kilo arobaini. Likaenda kupimwa kwa mnunuzi, thelathini na nne."

Ukapita mnong'ono wa Kisukuma, kila mtu akikumbuka furushi la kwao. Nami ni Msukuma, nilisikia yote. Ningeweza kumwambia akae chini tuendelee na andalio. Mkufunzi alikuwa ameinua kalamu. Nikachukua bisibisi kwenye mfuko wa mizani.

Nyuma ya uso wa mizani ile kuna skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri. Nikaizungusha mbele yao hadi mshale ukashuka nyuma ya sifuri kwa kilo nne, nikamtundika tena mtoto yule yule. Kilo 24.

"Amekonda!" mmoja akapiga kelele, na nusu ya darasa ikaanguka kwa kicheko.

Nikawauliza: sasa mtu akikufanyia hivi, utamjuaje? Mikono ikajaa. Utaangalia mshale kabla mzigo haujatundikwa. Kama haupo kwenye sifuri, unabeba furushi lako unaondoka. Nikaridhika. Nilikuwa naishika chaki niandike zoezi, binti wa nyuma bado kasimama.

"Lakini ya mnunuzi ilikuwa kwenye sifuri. Baba aliiangalia."

Na hapo ndipo walipokuwa wanakwama wakulima wengi. Mizani ya skrubu inamkamata mjinga tu. Wizi wa kitaalamu uko kwenye springi. Ukiweka springi ngumu kuliko inayotakiwa, mizani ikiwa tupu mshale unakaa kwenye sifuri kwa adabu kabisa, kwa sababu hakuna cha kuvutwa. Mzigo ukiingia, springi haishuki inavyopaswa, na kila kilo inakatwa kidogo. Furushi dogo linaibiwa kidogo, kubwa linaibiwa zaidi. Haya ndiyo yaliyokuwa "marekebisho kidogo" ya jioni. Lakini utamwelezaje mtoto wa darasa la tatu ugumu wa springi?

"Nani ana manati?"

Kimya. Manati yalikuwa marufuku pale shuleni, na mwalimu wa nidhamu alikuwa na sanduku zima la aliyowanyang'anya. Nikasema leo hakuna adhabu. Yakatoka matatu kwenye kaptula, moja likatoka kwenye soksi. Nikafungua mipira, nikatundika mpira mmoja peke yake kwenye msumari, na pembeni yake mipira miwili iliyofungwa pamoja, urefu ule ule, ncha zote zinaishia kwenye mstari mmoja niliouchora ukutani kwa chaki. "Zote ziko kwenye sifuri?" Ziko. Nikafunga jiwe lile lile, kwanza huku, kisha kule. Mpira mmoja ulishuka chini sana. Ile miwili ilishuka karibu nusu yake. Binti akaja mbele bila kuitwa, akapima mwenyewe kwa rula, akarudia tena, akarudi kwenye dawati lake na kumnong'oneza jirani yake kitu ambacho hiki sikukisikia.

Basi utamjuaje mwizi wa namna hii? Hapa mikono haikujaa. Mmoja akasema uvunje kioo. Mwingine akasema uende polisi, wenzake wakamcheka. Kisha mvulana mmoja, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia sauti, akasema, "Saruji."

"Saruji gani?"

"Ya stoo. Imeandikwa kilo hamsini. Tukiitundika lazima iseme hamsini."

Wote walikuwa wameshiriki kusomba maji na mchanga wa kujengea darasa lile, wanaijua mifuko. Tukaenda kuchukua mmoja ambao haujafunguliwa. Nikarudisha skrubu mahali pake, tukautundika, kenchi likalia kidogo, mshale ukasimama kwenye 50. Walipiga makofi. Mwalimu mkuu akatokea dirishani.

"Lakini," akasema binti, na kwa kweli nilishaanza kulingoja hilo lakini lake, "baba hawezi kubeba saruji kwenda kuuza pamba."

Nikawaachia. Ndani ya dakika chache wenyewe wakafika: jiwe. Unalipima jiwe kwenye mizani unayoiamini, unakumbuka uzito wake, unakwenda nalo. Kabla ya furushi, litundikwe jiwe. Mmoja akauliza kama liwe kubwa au dogo, na hilo lilikuwa swali la maana kuliko alivyojua, maana kwa springi ngumu jiwe la kilo mbili halitakuonyesha kitu. Angalau liwe la kumi, ishirini. Hesabu ya kutoa tukaifanya ubaoni: arobaini kutoa thelathini na nne. Wakaanza kuzidisha ile sita kwa mafurushi ya kwao.

Mvulana wa manati ya soksi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi tukiweka mchanga ndani ya pamba?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha watu wanaojuana. Kila mtu Usukumani anajua pamba hunyunyiziwa maji usiku na kutiwa mchanga. Nikamwambia mchanga mizani inauhesabu vizuri tu, shida ni kinu cha kuchambulia, na bei ya msimu ujao. Rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu ikagongwa. Hitimisho halikufanyika.

Madam alinikalisha chini ya mwarobaini. Alisoma orodha yake bila haraka: umeacha andalio dakika ya kumi na tano, ubao haukugawanywa, wanafunzi hawakupewa zoezi la kuandika, umeruhusu kifaa kilichokatazwa shuleni. "Lengo lako mahususi linasema mwanafunzi aweze kusoma uzito kwa kilogramu. Wizi haumo kwenye muhtasari." Akaandika Wastani. Kisha akavua miwani, akanitazama. "Wewe ndiye wa mshahara usiosubiri mvua?"

"Ndiye mimi, Madam."

"Jifunze kugawa ubao," akasema, akawasha pikipiki. Ubao nilijifunza. Kuhusu lile la wizi sikubaliani naye mpaka leo.

Jumatatu yake nilikuta mawe yamepangwa barazani kwa ofisi. Watoto walikuwa wamewaambia wazazi, wazazi wamekuja nayo kwa baiskeli na kichwani, na wamekaa pembeni wanasubiri. Mwalimu mkuu aliniuliza kama hii ni shule au ni machimbo. Lakini wiki hiyo hiyo alipokuja wakala wa mnunuzi mmoja kulalamika kwamba mwalimu mgeni anachochea wakulima, yeye ndiye aliyemfungulia kitabu cha Hisabati na kumwonyesha mada. Akamwuliza kama anataka kuandika malalamiko yake rasmi ili yapelekwe kwa Ofisa Elimu, pamoja na mizani yake ikaguliwe na Wakala wa Vipimo. Yule wakala wa mnunuzi hakutaka kuandika.

Nilipima mawe yale baada ya masomo, jioni kadhaa, na kuandika uzito kwa rangi iliyobaki ya milango. Kila mmoja nilimwambia kwamba hii si mihuri ya Serikali, mbele ya sheria jiwe hili halina kauli, ni la kukufungua macho tu. Waliitikia kwa heshima na kuondoka kana kwamba sikusema kitu. Mzee mmoja alilisoma la kwake, 17, akaingiza mkono kwenye koti.

"Bei gani, fundi?"

"Ni bure, mzee. Mimi hapa ni mwalimu."

Akanitazama, akaitazama mizani, akamtazama mjukuu wake aliyekuja naye. Inaelekea aliona hakuna la kubishana. Akarudi kwenye baiskeli, akafungua mpira wa kufungia mzigo, akaja na jiwe la pili.

"Haya, Mwalimu. Na hili la jirani yangu."